Filamu za Imani: Nini Huzifanya Zifaulu, na Wapi Hupungukiwa

Katika Chemchem, kama katika kata nyingine za mji wa Tabora, filamu imekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Hutazamwa sebuleni, katika vibanda umiza na, siku hizi zaidi, katika simu za mkononi. Kanisa nalo huitumia. Kwaresima inapofika, shuka jeupe hutundikwa ukumbini na mateso ya Bwana huonyeshwa. Vijana huomba filamu katika semina zao. Watoto wa Utoto Mtakatifu hufundishwa maisha ya watakatifu kwa njia hiyo hiyo. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, si kila filamu yenye msalaba katika jalada lake huijenga imani, na zipo zinazoibomoa huku zikilitaja jina la Yesu.

Makala hii inaeleza kwa ufupi Kanisa linafundisha nini kuhusu filamu, historia ya filamu za Kikristo katika ukanda wetu, na vigezo vya kutofautisha iliyofaulu na iliyopungukiwa. Hoja yake kuu ni moja: filamu ya imani hufaulu inaposema kweli juu ya binadamu na kumwachia Mungu uhuru wake, na hupungukiwa inapoifanya imani kuwa dawa ya haraka na kumfanya jirani kuwa adui. Katika nchi ya Unyamwezi hoja hii inapita mipaka ya burudani, kwa maana filamu inayomfundisha mtazamaji kumtafuta mchawi inaweza kumgharimu bibi kizee uhai wake.

Mafundisho ya Kanisa

Kanisa halikuanza jana kuzungumzia filamu. Tarehe 29 Juni 1936 Papa Pius XI alitoa waraka Vigilanti Cura, akiwaandikia hasa maaskofu wa Marekani, na kueleza kwamba filamu ina nguvu ya kuwainua watu au kuwapotosha. Mwaka 1955 Papa Pius XII alitoa hotuba mbili kuhusu sifa za filamu bora, akisisitiza kwamba filamu inapaswa kumheshimu binadamu anayeitazama. Miaka miwili baadaye, tarehe 8 Septemba 1957, alitoa waraka Miranda Prorsus juu ya filamu, redio na televisheni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilirudia suala hilo katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963. Mambo mawili katika hati hiyo yanatuhusu hapa. Kwanza, namba 7 inakubali kwamba kuonyesha uovu katika sanaa kunaweza kumsaidia mtu kumfahamu binadamu kwa kina zaidi na kuudhihirisha ukweli, mradi kufanyike kwa kiasi na kwa kufuata sheria ya maadili. Kwa hiyo filamu ya Kikristo hailazimiki kuificha dhambi. Pili, namba 9 inawakumbusha watazamaji wenyewe kwamba wana wajibu wa kuchagua. Lawama ya filamu mbaya haimwangukii mtengenezaji peke yake. Anayeilipia na kuisambaza ana sehemu yake.

Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zilizostahili kukumbukwa kwa sababu ya dini, maadili au sanaa. Miongoni mwake ilikuwamo filamu ya Injili kadiri ya Mathayo iliyoongozwa na Pier Paolo Pasolini wa Italia mwaka 1964. Pasolini hakuwa mtu wa imani. Waigizaji wake wengi walikuwa watu wa kawaida wasio na taaluma ya uigizaji, na Bikira Maria katika uzee wake aliigizwa na mama mzazi wa Pasolini. Kanisa lilipoitambua kazi hiyo lilituachia somo: imani ya mtengenezaji pekee haitoshi kuifanya filamu kuwa njema, na unyoofu wake mbele ya Injili una uzito mkubwa.

Filamu na utume katika Afrika Mashariki

Tanganyika iliingia mapema katika historia hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa msukumo wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari na fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika liliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu fupi 35 kuhusu kilimo, afya, akiba na mambo ya namna hiyo, zikazungushwa kwa gari katika nchi kadhaa, huku maelezo yakisikika kwa lugha mbalimbali kutoka katika sahani za santuri. Nia ilikuwa njema, lakini walioamua kipi kisimuliwe walikuwa wageni, na Mwafrika alionyeshwa zaidi kama mtu wa kurekebishwa.

Baadaye ilikuja filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka. Imetafsiriwa kwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, na kuonyeshwa katika viwanja vya vijiji visivyo na umeme kwa kutumia jenereta na projekta. Wakosoaji wa sanaa hawakuisifu sana. Nguvu yake ilitoka kwingine: ilikaa karibu na maneno ya mwinjili, na wasikilizaji wengi walimsikia Kristo akisema kwa lugha ya mama zao.

Tangu miaka ya 1990, filamu za video kutoka Nigeria zilienea Tanzania nzima. Baadhi yake zilitengenezwa na wahubiri kwa ajili ya uinjilishaji. Wasimulizi wa Kiswahili waliziwekea maelezo yao, na watengenezaji wa filamu za Kibongo waliiga mengi kutoka kwake. Humo ndimo ulimozaliwa mtindo ambao wengi wetu tunaujua: familia inaandamwa na balaa, mchawi anafichuliwa, mchungaji anakemea, na kila kitu kinanyooka kabla filamu haijaisha.

Yanayoifanya filamu ya imani ifaulu

Sifa ya kwanza ni ukweli juu ya binadamu. Mfano mzuri umetoka kwa majirani zetu wa Rwanda. Filamu Munyurangabo, iliyoongozwa na Lee Isaac Chung na kuonyeshwa Cannes mwaka 2007, iliigizwa na vijana wa Rwanda kwa Kinyarwanda, kwa gharama ndogo. Vijana wawili marafiki, mmoja Mtutsi na mwingine Mhutu, wanaondoka Kigali wakiwa na panga. Yule yatima anakwenda kumlipizia kisasi baba yake. Njiani urafiki wao unapimwa na chuki ya wazee. Mwishoni kijana anamkuta muuaji akiwa mgonjwa mahututi, hana nguvu hata ya kusimama, naye anaomba maji. Kijana anatoka kwenda kuyatafuta. Hakuna padre anayehubiri wala sauti kutoka mbinguni, lakini Mkristo anayetazama anaiona amri ya kumpenda adui ikipita mbele yake katika chombo cha maji.

Sifa ya pili ni kuwaonyesha watu wa Mungu pamoja na udhaifu wao. Filamu ya Ufaransa Des hommes et des dieux, iliyopata Tuzo Kuu ya Cannes mwaka 2010, inawahusu wamonaki saba Watrapisti wa Tibhirine, Algeria, waliotekwa na kuuawa mwaka 1996. Katika filamu wamonaki wanaogopa. Wanabishana kama waondoke au wabaki na majirani zao Waislamu. Mmoja anasali usiku na hasikii jibu. Wanapoamua kubaki, mtazamaji anajua gharama ya uamuzi huo, na kifo chenyewe hakionyeshwi. Tarehe 8 Desemba 2018, mjini Oran, wamonaki hao walitangazwa wenyeheri pamoja na wafiadini wengine 12 wa Algeria, wakiwamo mapadre wanne wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, shirika lile lile lililoleta Injili Tabora.

Ndivyo ilivyo pia katika Shooting Dogs ya mwaka 2005, kuhusu shule ya ufundi ya Wasalesiani mjini Kigali ambako, Aprili 1994, askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka na kuwaacha zaidi ya watu 2,000 mikononi mwa wauaji. Ilipigwa picha mahali penyewe, na baadhi ya walionusurika walishiriki kuitengeneza. Padre anayeonyeshwa humo ni mzee aliyechoka, mwenye maswali mazito, na bado anabaki. Mtakatifu asiyewahi kutetemeka humfanya muumini wa kawaida adhani utakatifu si wake; padre huyu anamwonyesha kwamba woga na uaminifu vinaweza kukaa katika moyo mmoja.

Sifa ya tatu ni lugha na mahali. Kijana wa Tabora humsikiliza mhusika anayesema kama watu wa kwao na anayeishi katika nyumba anazozijua. Kiswahili cha kutafsiriwa neno kwa neno, au mandhari ya kifahari isiyo na jasho, humwambia mtazamaji kwamba imani ni mali ya watu wengine.

Sifa ya nne ni ustadi. Sauti isiyosikika na muswada ulioandikwa kwa usiku mmoja havisameheki kwa sababu tu nia ni kumtukuza Mungu. Seremala Mkristo haruhusiwi kutengeneza kiti kibovu na kukibariki kwa maji ya baraka. Fedha nyingi, hata hivyo, si sharti: Munyurangabo inathibitisha hilo.

Yanayoiangusha

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kufanya filamu kuwa hubiri lililokatwa vipande na kugawiwa wahusika. Kila mmoja anasema lililo sahihi, na hakuna anayeishi. Filamu ya Marekani God's Not Dead ya mwaka 2014, iliyogharimu takribani dola milioni 2 na kuingiza zaidi ya milioni 60, ilipendwa na wengi, lakini ilikosolewa kwa sababu profesa asiyeamini anaonyeshwa kama mtu wa dhihaka, hoja zake zikiwa dhaifu makusudi ili zishindwe. Muumini hutoka akishangilia ushindi dhidi ya mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Akikutana na asiyeamini wa kweli, mwenye akili na majonzi yake, hana la kumwambia.

Hapa tuseme neno kuhusu mapato. The Passion of the Christ ya mwaka 2004, iliyotumia Kiaramu, Kiebrania na Kilatini, iligharimu takribani dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya milioni 600. Imewasaidia wengi kutafakari mateso ya Bwana. Lakini ukatili wake haufai kwa watoto, na namna ilivyowaonyesha Wayahudi ilileta mjadala mzito. Parokia inayoionyesha Ijumaa Kuu iwaeleze waamini mafundisho ya Nostra Aetate ya mwaka 1965, namba 4: mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Wingi wa tiketi hauondoi wajibu huo.

Kosa la pili ni muujiza wa haraka. Mhusika anasali, na dakika kumi baadaye kansa imepona na gari jipya limeegeshwa uani. Mungu hutenda miujiza. Kanisa linakiri hivyo. Lakini Injili haikuahidi kwamba kila anayesali ataepuka msalaba. Mama aliyemzika mtoto wake baada ya kusali novena tatu anapoitazama filamu kama hiyo, anaambiwa kimyakimya kwamba imani yake ilikuwa pungufu. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, Bwana alikataa swali lenyewe. Filamu nyingi za imani bado zinalijibu.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote kwetu: kumfanya jirani kuwa shetani. Mwaka 1999 ilitolewa Nigeria filamu ya kihubiri, End of the Wicked, iliyowaonyesha watoto wakiingizwa katika uchawi usiku na kuwaangamiza wazazi wao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwa kuchochea imani ambayo iliwafanya watoto wengi kusini mwa nchi hiyo kupigwa, kuteswa na kufukuzwa nyumbani. Mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom lilitunga sheria iliyofanya kumwita mtoto mchawi kuwa kosa la jinai.

Kwetu anayetuhumiwa mara nyingi ni mwanamke mzee. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yamechukuliwa kuwa ushahidi, ilhali mara nyingi ni matokeo ya moshi wa kuni na samadi kavu ambao bibi amepikia maisha yake yote. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya ushirikina. Sasa tazama filamu ambamo bibi mwenye macho mekundu ndiye chanzo cha kila msiba, na kumfichua kwake kunaitwa ushindi wa Yesu. Mtazamaji anayerudi nyumbani kwenye mtoto mgonjwa ameshapewa jina la kumshuku.

Kanisa halikani kwamba uovu upo. Katekisimu, namba 2117, inakataza uchawi na ulozi wa kila aina, na namba 1673 inaeleza kwamba upungaji pepo wa rasmi hufanywa na padre mwenye ruhusa ya askofu, kwa busara na baada ya kuhakikisha kwamba tatizo si ugonjwa. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 2477, inahesabu kuwa kosa kuamini hata moyoni uovu wa jirani bila msingi wa kutosha. Filamu inayompinga mganga wa ramli lakini inatumia mantiki yake ya kutafuta mtu wa kulaumiwa haijamshinda mganga. Imempa kanzu.

Kosa hilo lina sura nyingine. Familia nyingi za Tabora zina Wakristo na Waislamu chini ya paa moja, na hushirikiana katika misiba na arusi. Filamu inayomdhihaki mwenye dini nyingine ili kumtukuza Kristo inaleta ugomvi mezani kwao. Wamonaki wa Tibhirine wanaonyesha njia iliyo bora.

Simulizi iliyo karibu nasi: Adrian Atiman

Vigezo hivi vinaeleweka vizuri zaidi tukivipima kwa maisha ya mtu wa njia yetu. Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuvushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika nchini Algeria. Alisomea uganga wa hospitali Malta, akafuata njia ya misafara kutoka pwani, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Huko alioa, akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph alipata daraja ya upadre.

Filamu dhaifu ingechukua utumwa, minyororo na ukombozi, ikamwonyesha mmisionari kama shujaa pekee, kisha ikaishia pale mtoto anapobatizwa na wimbo unapoanza. Ingepata machozi mengi. Lakini ingeacha miaka 67 ya Karema: vidonda vilivyosafishwa kila asubuhi, wagonjwa waliofia mikononi mwake, katekisimu iliyofundishwa tena na tena, na swali la mtu aliyenyang'anywa nyumba ya baba yake na kuamua kujenga nyingine kati ya watu wasiomjua. Huko ndiko neema ilikofanya kazi. Mtengenezaji atakayekuwa na subira ya kuonyesha asubuhi hizo atakuwa ametengeneza filamu ya imani.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuonyesha filamu

Mapadre, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaweza kutumia maswali yafuatayo:

1. Je, mtu mmoja ameitazama filamu yote kabla ya kuionyesha kwa watu? Jalada na jina havitoshi.
2. Mungu anaonyeshwaje: kama Baba, au kama nguvu ya kununuliwa kwa sala na sadaka?
3. Anayeteseka na asipone ana nafasi gani katika filamu hii?
4. Nani ni adui? Je, katika kigango chetu yupo mtu anayefanana naye kwa umri, sura, ulemavu au dini, naye atatazamwaje kesho?
5. Je, inawafaa watoto watakaokuwapo?
6. Je, tuna haki ya kuionyesha? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii. Kuonyesha nakala ya wizi katika ukumbi wa parokia ni kuivunja amri ya saba kwa kisingizio cha uinjilishaji.

Baada ya filamu, itengwe nusu saa ya mazungumzo. Maswali mawili yanatosha kuanzia: ni mhusika gani uliyemhurumia, na ni nani ambaye filamu haikutaka umhurumie? La pili hufichua mengi. Kiongozi asikimbilie kutoa fundisho la mwisho. Awaache akina mama wa WAWATA, vijana na wazee waseme walichoona.

Vijana wenye kamera katika simu zao wasisubiri fedha kutoka mbali. Waanze na dakika kumi za kweli: katekista anayetembea kwenda kigango cha mbali, ndugu wawili waliopatana kabla ya Pasaka, mjane anayekataa kwenda kwa mganga ingawa ukoo unamshinikiza. Kisha wamwonyeshe paroko na jumuiya yao, wakubali kukosolewa, warudie tena.

Filamu ikiisha, shuka hukunjwa, jenereta huzimwa, na watu hurudi makwao gizani. Njiani wanapita nyumba ya bibi anayeishi peke yake. Kama filamu imewafanya wapite wakimwangalia kwa hofu, imeshindwa, hata kama jina la Bwana lilitajwa mara mia. Kama kesho yake mmoja wao atabisha hodi na kumpelekea ndoo ya maji, imefaulu.